Mdomo wa Ndoo ya Bibi

Binti yangu wa mwisho anasoma chuo. Juzi alirudi nyumbani, hapa Igogo, na kazi aliyopewa na mwalimu wake: chagua kitu kimoja cha nyumbani, ueleze aliyekibuni alikuwa anafikiri nini. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka, macho tayari yanazunguka ukutani. Akatazama pasi, akatazama kitasa, akatazama feni. Nikamwambia aende jikoni, nyuma ya gunia la mkaa, alete ile ndoo ya bati.

Akaileta, akaigeuzageuza. "Baba, huyu fundi alikuwa mlevi?" Maana mdomo wa ndoo ile umekunjwa kwa ndani ovyo ovyo, mabonde na vilima vitupu.

Nikashika kovu langu juu ya jicho, nikamwambia akae chini.

Na wewe unayesoma, kama hukuwa Mwanza miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kaa pia. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza kuota kando ya ziwa. Sangara aliingia mzima kwa mlango wa mbele, minofu yake ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukapewa kilichotoka mlango wa nyuma: kichwa, mgongo na mkia. Tuliyaita mapanki. Usiyacheke. Bibi aliyakaanga uani kwenye karai, yakatoa mafuta na kujikaanga yenyewe, na harufu ile ilikufuata kwenye shati mpaka darasani. Kazi yangu ilikuwa kupasua vichwa na kuwafukuza korongo wenye vipara waliosimama juu ya mawe kama wadai. Nyama ya shavuni ilikuwa yangu. Bibi aliniita mume wangu, na mume, alisema, hali mkia.

Babu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika, amebaki na kiti na ukimya. Nyumba nzima ilikula kwa karai lile. Bibi akirudi na ndoo tupu, hapakuwa na cha kuuza wala cha kutia mdomoni. "Mkono mtupu haulambwi," alisema kila asubuhi, huku anakaza khanga kiunoni kama mtu anayekwenda vitani.

Na alikuwa anakwenda vitani kweli. Lori lilimwaga mapanki kwenye uwanja wa tope nyuma ya kiwanda, na foleni haikuwepo. Wanawake walirukiana. Nimemwona mama mtu mzima akiuma mkono wa mwenzake mpaka kichwa cha samaki kikaachiwa. Nimeona sikio likichanika kwa kuvutwa hereni. Mlinzi alikuwa na rungu lisilochagua mgongo. Bibi aliacha jino pale kwenye tope, akarudi nyumbani anacheka kwa sababu ndoo ilikuwa imejaa.

Bibi hakuwahi kushika kalamu, lakini alikuwa mtu wa kutazama. Aliona kwamba mikono yote miwili imeshika ndoo, kwa hiyo ngumi huna. Basi ndoo yenyewe iwe ngumi. Akamwendea jirani yetu fundi bati, akamwagiza ndoo mpya, ila mdomo asiukunje juu ya waya kama kawaida. Auache wazi, kama ulivyotoka kwenye mkasi.

Fundi akamwambia itamkata yeye mwenyewe.

"Wewe kata bati," Bibi akasema. "Wa kukatwa nitamtafuta mimi."

Ilifanya kazi. Alivyokuwa anaizungusha ndoo ile, watu walipisha kama wanavyompisha ng'ombe mkali. Tulikula vizuri, sitaficha. Lakini kitu kizuri hakina siri. Mama jirani, aliyekuwa akitugawia chumvi, naye akaagiza yake. Kisha wengine. Fundi akanenepa. Mapanki yakaanza kufika nyumbani na damu isiyo ya samaki, nasi tukayaosha tu, tukayakaanga.

Asubuhi moja Mama jirani alimgombania Bibi kichwa kikubwa cha sangara, na mimi nilikuwa chini yao nazoa vidogo. Kitu kikanipita usoni kama upepo wa baridi. Kisha damu ikafunika jicho, nikawa naona kwa moja. Ndoo mbili zilikuwa juu yangu, zote za mkono wa fundi yule yule, zote zinadondosha damu. Mama jirani akaangua kilio kwamba ni yeye, ameua mtoto wa watu.

"Nyamaza," Bibi akamwambia. "Ziwe mbili, ziwe mia, ni zangu. Aliyezianza ni mimi."

Jioni ile, nikiwa nimefungwa kitambaa kichwani, nilimsikia akibonda. Kwa fundi hakwenda. Alikaa uani na jiwe, akaukunja mdomo wa ndoo kwa ndani, anapiga na kutukana, anajitukana mwenyewe.

Kesho yake alikwenda na ndoo butu katikati ya ndoo kali. Alipigwa. Alirudi na mkono umepasuka na ndoo tupu, tukanywa uji mweupe. Akarudi tena, akapigwa tena. Siku nyingine lori likachelewa, miguu ikamuuma, akaifudikiza ndoo kwenye tope akaikalia. Ule mkunjo mnene haukuzama. Wenzake wakamcheka: "Bibi amekuja na kiti, bado mwavuli." Kisha nao wakachoka kusimama. Walipojaribu kukaa, ndoo zao kali zikakata tope, zikazama upande mmoja, zikawaangusha. Wa kwanza kuomba jiwe la kukunjia ndoo yake alikuwa Mama jirani.

Sidanganyi, vita havikuisha. Mzigo ukiwa mdogo walirukiana kama zamani. Lakini mzigo ukitosha, waliokaa waliinuka kwa zamu, jinsi walivyotangulia kukaa, na mtu aliyekaa hakupigi haraka.

Uwanja ule leo una ukuta. Sangara wamepungua, na mapanki yenyewe yana mwenyewe kabla hayajatoka getini. Fundi bati alimalizwa na ndoo za plastiki. Bibi tulimzika kwao Kisesa, na Mama jirani alilia kuliko sisi wenye msiba. Mimi, na darasa langu la nne, nina karakana ya mageti, na halitoki geti sijalipitishia kiganja kila ukingo. Hilo sikufundishwa na mwalimu.

Binti alikuwa ameacha kuandika. "Sasa niseme bibi yako alibuni nini? Silaha au kiti?"

Nikamshika kidole, nikakipeleka chini ya mkunjo, taratibu. Akakivuta haraka, akakitazama.

"Baba, makali bado yapo."

"Yapo," nikamwambia. "Yamegeuziwa ndani tu. Andika hivyo."