Kigogota Kwenye Nguzo ya Pembe

Mimi ni mtoto wa mjini, Kanyenye, binti wa fundi cherehani, na kabla ya kuolewa ndege niliowajua ni kunguru na kuku. Msinicheke sana. Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeshaolewa huko upande wa Kigwa, nina mimba yangu ya kwanza, na mume wangu alijenga nyumba yetu mpya ya miti na udongo kwa wiki mbili tu.

Wiki mbili kwa sababu tuliambiwa kila kaya iwe imejenga kwenye mstari wake kabla viongozi hawajaja kukagua. Ilikuwa katikati ya masika. Mama mkwe, aliyezaliwa na kuzeekea porini, alimwambia mwanawe kwamba miti ya kujengea hukatwa kiangazi, majani yakishapukutika, tena humenywa magome kwanza.

“Mayu, viongozi hawatasubiri majani yapukutike,” mume wangu akamjibu mama yake.

Basi nguzo zikasimama na magome yake. Tulisifiwa kwa kumaliza wa kwanza, nami nilijivuna, sikatai.

Kiangazi kilipokuwa ukingoni, mtoto wetu ana miezi mitano, wakaja kigogota wawili. Walitoboa myombo mkavu uliobaki nyuma ya jiko, dume na jike wakipokezana, vibanzi vikarundikana chini, mpaka likapatikana tundu la kumtosha ndege mmoja kupita. Mama mkwe alinionyesha wanavyokula. Huanzia chini ya shina na kupanda wakilizunguka, mkia wameukaza kwenye gome kama mguu wa tatu. Wanagonga, wanasikiliza, wanagonga tena. Wakifika juu, huruka hadi chini ya mti mwingine wakaanza upya. Yeye aliweza kuwatazama asubuhi nzima. Mimi niliona ni watu wasio na kazi.

Shida ni kwamba mti wao mwingine ulikuwa nyumba yangu. Walipenda nguzo ya pembe ya chumbani, ile iliyobeba mwamba wa paa juu ya pale tulipolala, ambayo kwa nje hatukuwahi kuikandika. Mtoto alikuwa anaota meno, hasinzii mpaka nimechoka kabisa, na akisinzia tu, ko-ko-ko. Niliwatupia mawe, nikawatupia kandambili. Walizunguka upande wa pili wa nguzo wakaendelea.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Nikafinyanga udongo, nikapanda juu ya kinu nilichokifunika ubao, nikaziba tundu lao. Makinda walikuwa wakilia ndani, sauti nyembamba ya mfululizo kama cherehani ya baba ikisikika chumba cha pili. Niliwasikia, nikaziba. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mtoto akalala vizuri. Nikakaa jikoni kuchagua maharage, nikamwona mmoja anarudi na chakula mdomoni. Akatua palepale pa siku zote, akatafuta mlango. Akazunguka shina, akarudi, akagonga. Akaja wa pili, naye mdomo umejaa. Hawakula kile chakula, wala hawakukitupa. Jua lilipokuwa limeshapinda mtoto akaamka na kulia, maziwa yakanitoka yenyewe, yakalowesha kanga. Nikaona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikamwacha alie kidogo, nikapanda kinu na kisu, nikauchokonoa ule udongo. Ulikuwa umekauka.

Nilipoteremka mama mkwe alikuwa amesimama hapo, ana mtoto begani. Hakunikaripia. Aliinama akaokota funza mnene, mweupe, aliyedondoshwa na ndege waliponikimbia.

“Mwanangu, huyu hakai kwenye mti uliokufa siku nyingi,” alisema. “Huyu anakula mti uliokatwa mbichi ukaachwa na magome. Wamemtoa wapi?”

Nilijua wamemtoa wapi. Tukaenda kwenye nguzo ya pembe, akabandua kipande cha gome, unga ukatumwagikia miguuni.

Mume wangu akaitwa kutoka shamba la kijiji. Alikuja amenuna, akisema nguzo nene namna ile haiwezi kuliwa ikaisha kwa miezi michache. Akachomoa kisu, akachoma. Kilizama hadi mpini wala hakukisukuma. Akaingia chumbani, akatoa kitanda cha mtoto na mkeka wetu, akavipeleka jikoni.

Kesho yake, majirani walipokuwa wanashusha nyasi za paa ili nguzo ibadilishwe, mwamba ulianguka pale tulipokuwa tukilala. Mume wangu alisimulia kijiji kizima jinsi ndege walivyomwokolea mtoto. Watu walikuja kulitazama tundu. Mimi nilibaki jikoni nikichagua maharage.

Mama mkwe alikuwa ameshaniambia kwamba kwa sauti zao makinda ni watatu. Mvua za kwanza ziliponyesha tukasimama wawili chini ya myombo kuwatazama wakitoka, mtoto wangu akiwa mgongoni. Aliruka mmoja tu. Tulingoja mpaka jioni, na mama mkwe hakuniuliza wengine wako wapi.