Anayehubiri Uvumilivu Akiwa Birmingham

Ipo Jumapili moja nisiyoisahau, mwanangu, na jana ilinirudia yote niliposikia simu yako. Rafiki yako Singasinga wa Kabul alikuuliza kama ahame, nawe ukampa hotuba: abaki, akiondoka imani itakufa kule. Ulisema vizuri, shibe ikikusaidia. Sasa nyamaza, unisikilize.

Nilikuwa msichana, tumefika hapa Birmingham karibuni kutoka Kisumu, mimi na Bibi yangu. Kila Jumapili tulikuwa jikoni mwa gurdwara, hekalu letu, tukisukuma chapati za kila anayekuja kula. Alikuwapo bwana mmoja, Kirpal, muuza vitambaa wa mtaa wa Alum Rock, mzaliwa wa Jalalabad, nchi hiyohiyo ya rafiki yako. Mdogo wake Harbans alibaki kule na mama yao, mkewe na watoto, akitunza gurdwara ya baba yao. Unajua desturi: Kitabu chetu kitakatifu hufunguliwa alfajiri na hulazwa jioni, kama mzee wa nyumba. Kule, wa kukifanyia hivyo alibaki Harbans tu.

Basi Kirpal akajisifia jambo hilo! Kikombe cha chai mkononi, "Maadamu mdogo wangu yupo, taa ya baba haijazimika." Wenzake wanaitikia, wanaongeza sukari. Walinichosha, na hata leo wananichosha.

Jumapili hiyo alikuja analia. Mama yao alikuwa amefariki kule. Walipompeleka kumchoma kama ilivyo kwetu, majirani waliwatupia mawe mpaka waombolezaji wakakimbia. Harbans aliurudisha mwili nyumbani, akamchomea mama yake uani, milango imefungwa.

"Nimemwambia avumilie," Kirpal akasema.

Bibi akaweka chini mti wa kusukumia. Akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, ili Kirpal asielewe, "Ona hili lijitu! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kisha akamgeukia kwa Kipunjabi.

"Mwanangu Kirpal, mawe yanampiga nani, wewe au yeye?"

"Biji," akamwita kwa heshima, kama mtu amwitavyo mama, "na Kitabu je? Akiondoka, nani atakifungua?"

"Kitabu hubebwa kichwani. Baba mkwe wangu alikitoa Punjabi akakifikisha Kisumu, na Mungu hakulalamika. Ukitaka kikae Jalalabad, nenda ukakae nacho. Harbans aje auze vitambaa vyako."

Watu waliacha kutafuna. Nilidhani Kirpal angemjibu vibaya, maana hakuzoea kukemewa mbele ya watu. Akainuka, akaingia ofisini kupiga simu. Baadaye Bibi alinituma nimpelekee chai. Nilimkuta amekaa, simu ameshaiweka, uso mikononi.

"Nimemwambia aje," akasema. "Kumbe walishafunga mizigo tangu mwaka juzi. Walikuwa wananingoja mimi, kaka mkubwa, niseme neno."

Mwaka juzi, mwanangu! Mama yao alikuwa hai. Angekufia hapa, akachomwa kwa heshima, wanawe wawili wamesimama. Kirpal aliyajua hayo kabla sijayawaza, ndiyo maana hakuigusa chai.

Sikuambii kwamba kila mtu ahame. Mwenye kutaka kubaki abaki, na ushujaa huo ni wake, tuuheshimu. Lakini adhabu ya kaburi aijua maiti. Wewe unayelala Kings Heath, ukiogopa kukosa basi tu, huna haki ya kumchagulia mwenzio mawe. Mtu akikuuliza ahame au abaki, muulize kwanza watoto wake wanatokaje nje, kisha mwambie mlango wako uko wazi. Mwambie mapema. Pengine ameshaamua, anangoja tu kuambiwa kwamba hatakuwa msaliti.

Haya, mpigie. Usiniambie utampigia kesho.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, ulimi mzito wa kuhubiri na mkono mwepesi wa kupokea. Nyumba yako isikose mgeni, na mgeni wako afike na mama yake.