Seramu ya Ndama na Hasira Zangu

Kuna Jumamosi moja naikumbuka kama ya juzi, mwanangu. Nilitoka Kitengela, nilikokuwa nimepanga chumba kule Noonkopir, nikaenda Kajiado nyumbani kwa mkuu wangu wa kazi, Profesa Naserian, kumwambia kwamba naacha utafiti. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kuzungusha dawa madukani, kazi ya gari na mshahara mnono, na Jumatatu walitaka jibu. Jana ulinipigia simu ukisema karibu maneno yale yale niliyokwenda nayo siku hiyo, ndiyo maana nakuandikia. Kwetu Butere walikuwa wakiniita daktari, nami sikuwa nimetibu hata kuku.

Kazi yangu unaijua, ni hiyo hiyo yako. Nilichunguza askari wa mwili, zile seli zinazowaka zikikutana na vijidudu na kuleta uvimbe. Ndani yake mna vipokezi. Homoni ikipenya, kipokezi huishika, huingia nayo kwenye kiini cha seli na kuziamuru jeni za uvimbe zinyamaze. Nilikuwa na dawa mpya niliyoamini inaweza kutoa amri hiyo. Shida ni kwamba nikizichokoza kwa vijidudu, seli nilizotia dawa zilitulia, na zile ambazo sikuzitia kitu nazo zilitulia! Nilirudia mpaka nikachoka. Nilianza hata kuwaonea wivu wenzangu ambao seli zao zilikuwa na adabu.

Nilimkuta Profesa nyuma ya nyumba akisafisha kibuyu cha maziwa. Alikuwa akikisugua ndani kwa kijiti cha oloirien, mzeituni wa mwitu, kilichochomwa ncha mpaka ikawa mkaa.

"Takwenya!" akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu kama alivyonifundisha, kisha nikamwaga yote, na machozi kidogo juu yake.

Hakunipa pole. Aliendelea kusugua.

"Hizo seli unazilisha nini?"

"Seramu ya ndama, Profesa. Ile ya kawaida."

"Na wewe unafikiri damu ya ndama iko na maji peke yake? Iko na homoni zake. Umezilisha homoni kila siku, zikatulia hata kabla ufungue hiyo dawa yako. Sasa unazikasirikia za nini?"

Nilikuwa nimesoma mambo ya homoni miaka na miaka, na sikuwahi kufikiria kwamba chakula cha seli zangu kilitoka kwa mnyama mwenye mwili kama wangu.

"Ile chupa haina dawa ndiyo inakuambia ukweli," akasema, "na wewe unataka kuikimbia juu imesema kitu hutaki kusikia. Enda upitishe hiyo seramu kwa unga wa mkaa, huo mkaa utazishika hizo homoni. Ukimaliza na bado unataka kuuza dawa, uza. Lakini usiniachie kazi juu ya hasira." Kisha akacheka mpaka kibuyu kikamponyoka, nami nikajikuta nacheka naye.

Jumatatu niliwaomba wale watu wa dawa wanivumilie. Hawakunivumilia, gari akapewa mwingine. Nilichanganya seramu na mkaa, nikaichuja, nikazilisha seli upya na kuzichokoza. Zile zisizo na dawa ziliwaka vibaya sana. Zenye dawa zilitulia, si kwa kiwango nilichokuwa nimejitapia nyumbani, lakini zilitulia. Nilicheza isukuti, ngoma ya kwetu, peke yangu katikati ya mashine za maabara, na mwenye funguo za jengo akanichungulia akaenda zake.

Basi mwanangu, usiache kazi siku umekasirika. Seli zikikukatalia, uliza kwanza wewe mwenyewe umezipa nini, kabla ya kulaumu dawa au akili yako. Jibu usilolipenda lisikilize mara mbili. Na ukishindwa kuona, mpelekee mkubwa wako aibu yako ingali mbichi, usingoje ikuozee ndani. Baada ya hapo, ukitaka kuondoka, ondoka moyo ukiwa umetulia, nami nitakuchinjia kuku na kukusindikiza kwa furaha.

Mungu akubariki, akupe macho ya kuona na subira ya kurudia. Akupe seli kaidi zinazosema kweli, na mtu wa kukucheka bila kukudharau.