Siku Nilipompa Binti Yangu Jina la Dunia

Aibu hii ningeificha mpaka kaburini, lakini kwa vile mke wangu anaisimulia kila tukipata wageni, heri niitoe mwenyewe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa trekta kwenye shamba moja la Kitale, na mke wangu aliposhikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni, aliyewaokoa wote wawili ni nesi wa shamba, mama Mkroati (ni wazungu, lakini si Waingereza, ukiwachanganya ananuna) aliyeitwa Dunja, na wao hutamka Dunya. Kwa shukrani nikamwambia mtoto atachukua jina lake. Alifurahi mpaka macho yakalowa, akaanza, "Ngoja nikwambie maana yake," nami nikamkatiza, "Najua, Mama, hata sisi tunasema dunia." Sikutaka aone kwamba mtu niliyefika darasa la sita kuna kitu sijui.

Tukaenda kumbatiza nyumbani, upande wa Kibabii, ndugu wamejaa, nesi tumemkalisha benchi la mbele, na mama mkwe wangu yupo (kwetu mtu na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kusemeshana). Padre akauliza jina la mtoto na maana yake. Nikakohoa kidogo, nikajibu kwa sauti ya mwalimu, "Dunja, Padre. Ni dunia, ulimwengu wote."

Padre akafunga kitabu. "Sasa hivi nitakuuliza kama unamkataa Shetani na mambo ya dunia. Utanijibu nini, na dunia yenyewe umeibeba mkononi?"

Watu wakacheka, na nesi akainuka pole pole, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Padre, hapana dunia. Dunja ni tunda. Kwetu iko mingi, rangi manjano, iko na manyoya kidogo. Mbichi ni gumu na chachu, hapana kula."

Nikadhani ameniokoa, kumbe ndiyo kwanza moto unawashwa. Shangazi yangu akauliza kwa sauti, "Ati mtoto wetu amepewa jina la tunda lisiloliwa?" Minong'ono ikaenea, mke wangu akainamisha kichwa, nami nikaona ubatizo unavunjika.

Ndipo mama mkwe akasema, huku akitazama dirisha, "Mwulizeni huyo mama, likipikwa je?"

"Ukipika na sukari inakuwa nyekundu, tamu sana," nesi akajibu. "Nyumba yote inanukia."

"Basi mtoto abatizwe," mama mkwe akaliambia dirisha. "Baba yake ndiye hajaiva."

Akabatizwa Dunja, mimi nikiangalia viatu vyangu. Kwa muda mrefu sokoni Bungoma niliitwa Baba Matunda, na nilipotaka kukasirika, mke wangu ndiye aliyecheka kwanza. Siku hizi mtu akiniambia ngoja nikueleze, nakaa chini nasikiliza mpaka amalize, hata kama ananifundisha kufungua nati.