Kabla Gitaa Halijageuka

Katika muziki wetu wa zamani kuna mahali ambapo wimbo unaacha kuwa wimbo. Mwimbaji amekwisha kulalamika, beti zimepita polepole, wapenzi wameshikana; halafu sauti zinajiondoa, gitaa linageuka, na kilichokuwa kinatembea kinaanza kukimbia. Sehemu hiyo tunaiita sebene. Watu wengi hupenda sebene yenyewe. Mimi napenda kitambo kidogo kinachoitangulia, wakati furaha bado haijaingia lakini huzuni imekwisha kuvaa viatu.

Kitambo hicho nilikijua nyumbani, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi tulikokulia. Jumapili baada ya misa mama alitia makaa ndani ya pasi na kunyoosha nguo za wiki nzima. Baba alikaa kwenye kiti cha mbao, radiokaseti mezani mbele yake. Dada yangu mkubwa nami tulikaa sakafuni, kwa sababu saruji ilikuwa na ubaridi. Wimbo ulikuwa mmoja, ule waliouchezea siku ya ndoa yao, na kaseti ilikuwa imechoka mpaka sauti ya mwimbaji iliyumba kama kitu kinachoonwa chini ya maji. Na kila mara, kabla gitaa halijageuka, baba aliinua kidole kimoja. Si pamoja nalo. Kabla. Kisha gitaa liligeuka kana kwamba limepokea amri, na mwanga wa dirishani, wenye vumbi jekundu, nao niliuona umegeuka.

Nilidhani baba ndiye anayeliagiza. Nilipokua niliacha kudhani hivyo, lakini sikuacha kutaka kujua alijuaje. Shule niliiacha mapema. Nilinunua kando ya barabara kitabu cha Kifaransa cha kusoma noti, kisicho na jalada, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni. Nikausikiliza wimbo ule kipande kwa kipande. Nikagundua kwamba mwishoni mwa sehemu ya polepole besi inaruka noti moja, na mpiga ngoma anagusa ukingo wa ngoma yake kidogo sana, kama mtu anayebisha kwa jirani aliyelala. Nikaridhika: baba alisikia mguso ule. Niliishi na jibu hilo miaka mingi, na nililipenda.

Siku hizi wazazi wangu wanakaa kwa dada, katika mtaa wa Makomeno. Jubilei ya ndoa yao ilipokaribia, mama aliomba jambo moja tu: acheze wimbo ule na mumewe mbele ya watu. Alikuwa amekwisha kushonesha robe, gauni jipya la siku hiyo. Baba akakataa.

"Papa anakatala," dada aliniambia kwa simu. "Anasema goti. Goti gani? Jana alipanda ku paa kupanga mabati."

"Na mama?"

"Mama hasemi kintu. Anapiga ile robe pasi kila siku. Itaisha mbele siku ya fete ifike."

Dada na mimi tulidhani tatizo ni masikio. Baba amekuwa mzito wa kusikia, sote twamwita kwa sauti ya juu. Na katika wimbo ule, gitaa linapogeuka mume humwachia mke, hurudi nyuma hatua moja, wakacheza wakitazamana. Anayechelewa kuachia huchekwa. Basi nilikwenda na elimu yangu. Nilimkuta uani, nikamweleza kwamba nitasimama kando ya spika, na nikisikia ule mguso wa ngoma nitainua mkono.

"Uko unanifundisha kucheza, weye?" alisema. "Ku ndoa yako ulicheza kama muntu anavuka njia, kamyo inamukimbilia."

"Papa, ni alama tu. Zamani ulikuwa unasikia ile ngoma. Sasa miye nitaisikia pa nafasi yako."

"Ngoma gani?"

Nikamwonyesha kwa kugonga meza. Akakitazama kidole changu, kisha akageuka kuangalia kama mlango wa jikoni umefungwa.

"Ile sijaisikiaka hata siku moja," alisema kwa sauti ya chini. "Masikio yangu ilibakia ku mashini ya kuvunja mawe, mbele nioe, mbele weye uzaliwe. Muziki niliisikia, ndiyo, kama bantu banasemea mu chumba ingine. Lakini ile unagonga, hapana."

"Na kidole?"

"Nilikuwa naangalia mama yako, pale anapiga pasi. Mbele gitaa igeuke, bega yake inapanda. Kidogo. Hajui kama anafanya vile. Hata ku ndoa, ni ile bega iliniambia."

"Basi itapanda tena."

"Umeona ile robe?"

Nilikuwa nimeiona. Fundi alifuata mtindo wa sasa aliouchagua dada: mikono iliyovimba, yenye kitambaa kigumu ndani, imesimama mpaka karibu na masikio. Humo bega lingeweza kupanda na kushuka bila mtu kujua.

"Nikimuambia atoe ile mikono ya robe, ataniuliza juu ya nini," baba alisema. "Nikimujibu, atajua kama ile myaka yote alikuwa anasikiliza peke yake. Acha. Miye nabakia na goti."

Niliingia jikoni, ambako mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, nikasema tu, kwa uangalifu, kwamba robe ni nzuri ila mikono ile italeta joto.

"Ni papa yako amekutuma?"

"Hapana, mama."

"Ni kweli. Yeye hawezi kumutuma muntu." Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa. Halafu mkono wake ukasimama. "Kumbe anakatala juu ya mikono ya robe. Na miye peke yangu mu hii nyumba nilisadiki goti."

Niliinamia sinia, nikaanza kuchambua naye.

"Unazania hii bega inapandaka yenyewe?" alisema. "Mwanzo, ndiyo. Kisha niliona kile kidole. Nikasema, huyu hasikii, anangojea miye. Basi nikawa naipandisha, asikose."

"Juu ya nini haukumuambia?"

"Kutoka lundi mpaka samdi, wiki nzima, bakubwa ba kazi banamupatia amri. Dimanche, kisha misa, na yeye anatoa amri kidogo. Miye nimunyanganye?" Akaliweka sinia chini. "Niletee makasi. Na weye haukuingia hapa."

Siku ya sherehe jakaranda zilikuwa zimeanza kumwaga maua, na viti vya plastiki vilipata rangi ya zambarau kabla ya wageni kufika. Mama alitoka nje, robe haina mikono.

"Mama, modeli yangu," dada alisema.

"Kuko joto," mama alijibu.

Baba alimtazama mabegani. Kisha akainuka. Goti halikusema neno.

Walishikana, wakatembea polepole ndani ya sauti ya mwimbaji, ambayo safari hii haikuyumba, na kwa sababu hiyo nikaitamani kidogo ile ya kaseti. Nilisimama kando ya spika, mikono mfukoni. Besi ikaruka noti yake. Sikungoja ngoma. Niliangalia bega la mama, jembamba, limezeeka, likipanda. Na mgongoni mwake, pale mkono wa baba ulipolala, kidole kimoja kilikuwa kimekwisha kuinuka kabla ya bega.