Kioo cha Mbele na Kiti cha Nyuma

Mke wangu alishuka kwenye pikipiki uani kwetu Chechelesi, akavua helmeti, akafungua mtandio uliokuwa umemkaba shingo, akasema, "Mimi hapo sipandi tena." Tulikuwa tumetoka kwa mama yake, Marsabit. Hakugomba wala hakununa. Aliingia ndani akaweka chai jikoni, nami nikabaki nje na lile pikipiki kubwa la safari, nililolinunua kwa mtumishi wa serikali aliyepewa uhamisho, nikijiuliza kosa liko wapi.

Safari hizo ndizo zilizokuwa starehe yetu. Watoto wamekua na kuondoka, na kila likizo tulipanda sisi wawili tukaenda kokote lami inakofika. Yeye akibaki nyumbani, sina hamu hata ya kuliwasha. Nilitaka arudi kwenye kile kiti cha nyuma, na sioni haya kulisema.

Mshtakiwa wangu wa kwanza alikuwa upepo. Anayeijua barabara ya kaskazini anajua ukishapita mji mdogo wa Archers upepo unakuja wa mbele, unakuja wa kando, na malori yanakuongezea wao. Kioo cha kukinga upepo kilichokuja na pikipiki kilikuwa kifupi, tena kimeparuzwa na mchanga hadi kikaota ukungu. Nikakata shauri: ninunue kioo kipya, kirefu, mambo yaishe.

Kazi yangu ni kupima ardhi. Nimepima mashamba Burat, nimepima viwanja vya watu wasiosalimiana, na kila upande uliridhika, au angalau ulinyamaza. Kwa hiyo nilikaa juu ya pikipiki, nikalisimamisha wima, nikachukua utepe na kupima kutoka kitini hadi kwenye jicho langu, na kutoka jicho hadi kwenye usukani. Muuzaji wa Nairobi aliniuliza kwa simu kimo changu, upana wa mabega, hata aina ya helmeti. Alinishauri nisinunue kioo cha kutazama kupitia ndani yake, maana siku ya mvua au ya wadudu sitaona kitu. Ukingo wa juu uishie usawa wa pua, macho yapite juu. Nilimpenda mtu huyo, alijua kazi yake. Kisha nikaagiza kilichozidi kipimo chake kwa vidole vinne, kwa sababu mimi ni mbishi.

Kioo kilifika, nikakifunga, nikaenda peke yangu hadi Archers. Ajabu ya kimya! Nilisikia mnyororo, nilisikia hata pumzi yangu ndani ya helmeti. Nilirudi nikipiga mluzi, nikamwambia mke wangu upepo nimeumaliza. Alikubali kujaribu kilomita chache tu. Niliposimama kumuuliza anaonaje, mtandio ulikuwa umemtoka wote kwenye kola na macho yanamtiririka machozi. Akaniambia kwamba afadhali kile cha zamani.

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilikikasirikia kioo, na baada ya hasira nikaanza kushangaa. Upepo ambao mimi siuoni, yeye ameutoa wapi? Jumamosi yote nilibandika nyuzi za sufu kwenye kioo, kwenye mabega ya jaketi na kwenye kiti cha nyuma. Nikamwomba mwenzangu wa ofisini anifuate kwa gari akinirekodi video. Nyuzi za mbele zililala vizuri kuelekea nyuma. Za kiti cha nyuma zilitaka kwenda mbele, zikigonga mgongo wangu. Niliitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyotazama habari, na sikuelewa hata kidogo.

Aliyenifungulia macho alikuwa dereva wa pikapu ya miraa. Asubuhi moja nilimkuta kwenye steji ya magari akishusha marobota, nikasimama kutazama anavyoyapanga yaliyobaki. Mafungu ya mwisho karibu na mlango wa nyuma yalikuwa yamevikwa majani ya mgomba mara mbili, ya katikati mara moja tu. Nilimsalimia, nikamuuliza mbona anayahangaikia ya nyuma wakati upepo uko mbele.

"Wewe angalia vumbi," alisema. "Imejaa wapi? Si mbele, iko hapa nyuma yote. Upepo ikiruka kichwa ya gari, inarudi chini hapa kwa mkia. Hii ya mwisho ndio hukauka kwanza."

Nilipitisha kidole kwenye ule mlango wa nyuma, kikatoka chekundu. Nikakumbuka nyuzi zangu. Upepo haukuwa umekwisha. Niliurusha juu ya kichwa changu ukamwangukia mke wangu, na kadiri nilivyojificha mimi ndivyo alivyopigwa yeye. Nilicheka peke yangu pale steji, dereva akadhani nimerukwa na akili. Lakini njiani kwenda nyumbani kicheko kiliniisha, kwani nilikuwa nimefanya kosa ambalo mpimaji wa mwaka wa kwanza angefukuziwa. Nilipima kiwanja chenye watu wawili nikiwa nimesimama upande wa mmoja.

Jioni hiyo nilimwomba mke wangu akae kwenye kiti cha nyuma, uani, pikipiki likiwa limesimama. Nilipotoa utepe na kuuweka kwenye paji la uso wake alicheka, akauliza kama nampima niende nikamwandikie hati. Kiti chake kiko juu kuliko changu, jambo ambalo ningeliona kwa macho tu kama ningegeuka. Kichwa chake kilinizidi kwa kiganja kizima. Tena tukikaa wote wawili, nyuma ya pikipiki hudidimia na kioo hulala, hata vile vipimo vyangu vya mwanzo vilikuwa vya pikipiki nyingine kabisa.

Kioo kirefu nilikirudisha, nikachukua cha wastani, kisicho na rangi, kilichoishia puani kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Kisha nikakipeleka kwa fundi wa mabango mjini, anayekata plastiki kila siku, nikamwomba anitobolee mwanya mrefu chini, karibu na taa. Alidhani nimechanganyikiwa: mtu ananunua kizuizi cha upepo halafu anaufungulia mlango. Nilimweleza kwamba upepo kidogo ukipita chini, ule wa juu hauna haja ya kuporomoka nyuma. Sikuwa na hakika, ila nilitaka sana kujua.

Tulitoka asubuhi, baada ya chai. Tulipopita kizuizi cha polisi niliongeza mwendo taratibu, nikingoja malalamiko. Upepo ulinigusa kidogo mabegani, si kimya kama kile cha kwanza. Halafu nikasikia sauti yake, hapo nyuma ya sikio langu, bila kupiga kelele, na nikashtuka, kwa sababu katika miaka yote ya safari zetu sikuwahi kuisikia tukiwa tunakwenda.

"Shingo iko sawa," alisema. "Siku ile tukitoka kwa mama nilikwambia usimame. Mara tatu. Nikakupiga begani, ukanishika mkono ukaupapasa, ukaongeza mwendo."

Mkono huo niliukumbuka vizuri. Muda wote huo nilikuwa nikiukumbuka kwa furaha, nikiamini alikuwa ananibembeleza. Nilitamani ardhi inifunike pale pale.

"Sikukusikia," nilimwambia.

"Mimi nilidhani umenisikia, ukapuuza. Ndio maana nikasema sipandi tena." Kisha akauliza, "Sasa unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi simama."

Nikasimama papo hapo, kando ya lami, wala sikumuuliza kwa nini.