Mkwe Aliyesomea Verandani

Siku hiyo kwangu Kitale tulikuwa sita. Sebuleni kulikuwa na binti yangu, ambaye ni mwalimu wa kompyuta, na wanafunzi wake, vijana watatu wa Kachibora, wawili wao ndugu wa tumbo moja. Verandani alikaa mume wa mjukuu wangu, yaani mkwe wa mwalimu. Mimi nilikuwa mlangoni. Majina yao yote ninayo, hata ya baba zao, lakini binti yangu amenikataza kuyaandika.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawasemezani ovyo. Shahada wanazo wote wawili, lakini heshima ni heshima. Sasa kampuni moja ya Bungoma ilikuwa imemwambia huyo mkwe: lete programu inayoandika programu nyingine, ikifanya kazi Ijumaa tunakuajiri. Isipofanya, arudi kupakia mahindi Moi's Bridge. Na mwalimu wa mambo hayo aliyempata ni mama mkwe tu. Basi maswali yakapitia kwangu mimi, niliyeachia shule darasa la tatu.

"Kukhu," yaani bibi, mkwe akaniita kutoka verandani, "mwambie mwalimu kompaila imekataa tena."

Kompaila, nilivyoelewa, ndiyo inayosoma walichoandika na kukigeuza lugha ya mashine. Haina huruma na koma.

"Anasema imekataa," nikapeleka.

"Aangalie mstari wa arobaini."

Nikaenda, nikarudi. "Anasema huo alirekebisha asubuhi."

"Alirekebisha wapi?"

Nikaenda tena. "Anasema kwa ile programu iliyotoka."

Binti yangu akafunga macho. Kijana mmoja wa Kachibora akacheka: "Ati anapanguza maji na bomba iko wazi, bana."

Siku tatu mkwe wetu alikuwa akisahihisha kwa mkono yale programu yake iliyoandika. Akiiwasha, inaandika makosa yale yale upya.

"Si ungeuliza mapema?" nikamwuliza kule verandani.

"Nimsumbue mama mkwe na kitu kidogo hivyo, kukhu?"

"Chekeche ya mashine ya posho imetoboka, na wewe unachunga unga nyumbani. Tengeneza mashine, baba."

Akatengeneza. Ijumaa ikafanya kazi, akaajiriwa. Wakubwa wakauliza nani alimfundisha vizuri hivyo, akawaambia ukweli. Mwezi uliofuata wakamwajiri mwalimu pia, chumba kimoja na mkwe. Wameweka kabati katikati, na maswali siku hizi yanapitia kwa mama wa chai.

Mimi nakumbuka hivyo. Nyinyi mliokuwepo, kama nimekosea nani alicheka, mnirekebishe.